Roketi ya Maji Kwenye Kiwanja cha Karafuu

Milimani kwetu hakuna mahali tambarare. Nyumba zimekaa kwenye vijukwaa vilivyochimbwa ubavuni mwa mlima, na mtu akiangusha ndimu mlangoni kwake huifuata kwa jirani. Ukitaka kurusha kitu kiende juu wima unahitaji kipande cha ardhi kisichoinama, na kijiji kizima kina kimoja tu: kiwanja cha ukoo wa mama yangu, kilichosawazishwa kwa majembe na watu ambao majina yao sasa wanapewa wajukuu. Hapo ndipo watu hukaa wakati wa matanga. Hapo ndipo karafuu huanikwa. Na hapo ndipo mimi, mwenye shahada ya fizikia na nisiye na ajira, nilipoamua kurushia roketi.

Nilikuwa nimejaribu kwanza Morogoro mjini, kwenye uwazi nyuma ya nyumba tuliyopanga. Mjumbe wa mtaa alikuja na watu wawili, akasimama mbali akaniuliza kama hilo ni bomu. Nikamweleza kuwa ni chupa ya soda yenye maji. Akaniuliza, kama ni chupa ya soda yenye maji, kwa nini nimevaa miwani ya fundi wa kuchomelea. Swali lilikuwa zuri na jibu lake lilikuwa refu. Wiki hiyo hiyo nilipanda gari la kwenda njia ya Mkuyuni, nikashuka, nikapanda mlima hadi kwa bibi.

Roketi yangu haina moto. Ni chupa ya plastiki iliyogeuzwa, mdomo chini, yenye maji kidogo ndani. Mdomo unazibwa kwa kiziba nilichokichonga kutoka kwenye soli ya ndala, na katikati ya kiziba nimepitisha valvu ya tyubu ya baiskeli. Unapampu. Hewa inajibana juu ya maji mpaka kiziba kinashindwa, maji yanachomoka kwenda chini, na chupa inakwenda juu kwa mlio ambao mbwa wote wa kijiji wanauchukia. Mtandaoni kila mtu anasema ujaze maji theluthi moja ya chupa. Nilitafuta mtu aliyeeleza kwa nini theluthi na si robo. Wengi walikuwa wamenakiliana tu. Basi nikajaribu robo, nikajaribu nusu, nikajaribu chupa isiyo na maji kabisa. Robo ilipanda kuliko theluthi. Sijui bado kama ni kweli kwa chupa zote, ila kwa chupa zangu ni kweli, na niliiona kwa macho yangu.

Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka.

Niliweka parachuti juu ya chupa, nikaifunika kwa kichwa kilichokatwa kutoka chupa nyingine. Wazo ni kwamba roketi ikifika juu na kupunguza mwendo, kichwa kinadondoka chenyewe na parachuti inatoka. Lakini niliogopa upepo usikiondoe kichwa njiani, nikakibana kwa solotepu. Solotepu ilifanya kazi yake vizuri sana. Roketi ilipanda, ikageuka, ikashuka na kichwa chake chini, parachuti ikiwa imelala salama ndani, ikachomeka katikati ya jamvi la karafuu za mkaza mjomba, yaani mke wa kaka yake mama. Karafuu ziliruka zikatawanyika hadi kwenye majani. Yeye alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka pale, ungo mkononi. Aliitazama chupa iliyosimama kwenye jamvi lake, kisha akanitazama mimi.

"Umenikosa," alisema. "Rudia."

Jioni hiyo mjomba aliniita. Huku Uluguruni ardhi inapita kwa mama. Baba yangu alitoka mkoa mwingine kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi huko bondeni, lakini mlimani mimi ni mtoto wa nyumba kwa sababu mama yangu ni wa huko. Kiwanja ni changu kama kilivyo cha wengine wote tuliotoka tumbo moja. Anayekisimamia, hata hivyo, ni mjomba, na akisema hapana ni hapana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa. Chuo walikufundisha kurusha machupa?"

"Walinifundisha kwa nini yanaruka."

"Na kwa nini yanaanguka kwenye karafuu za mke wangu?"

"Hilo nimelijua leo."

Alicheka puani. Mkaza mjomba, aliyekuwa akichambua mchele kando ya mlango, hakucheka. Alisema kuwa angekuwa amekaa mkono mmoja tu upande wa kulia, leo watu wangekuwa wanapika chai ya msiba. Alikuwa sahihi.

Mjomba alitoa hukumu. Nitarusha mara moja tu nyingine, yeye akiwapo. Kitu kikirudi kizima, bila kugonga mtu, mnyama wala mali, kiwanja ni changu kutumia hadi masika. Kisiporudi kizima, chupa zangu zote nirudi nazo mjini, na nisilizungumze tena jambo hilo hapa nyumbani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo hili lilinikaa rohoni hivyo. Nimejiuliza pia. Tangu nimalize chuo nilikuwa nimetuma maombi ya kazi hadi nikaanza kusahau nimeomba wapi, na kila jibu, lilipokuja, lilikuwa mikononi mwa mtu nisiyemjua, kwa sababu nisizoambiwa. Roketi haikuwa hivyo. Ikianguka, kulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa ndani ya chupa au ndani ya kichwa changu. Kiwanja kile kilikuwa mahali pekee nilipoweza kuuliza swali na kujibiwa siku hiyo hiyo. Sikuwa tayari kunyang'anywa.

Nilianza na parachuti. Zamani ningetumia mfuko wa plastiki, ule wa rambo, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku na huku milimani hata ile mikuukuu imekwisha. Nilikata kitambaa cha mwavuli mbovu. Kilikuwa kizito na kilikataa kukunjika. Nikapata plastiki nyembamba inayowekwa ndani ya viroba vya mbolea, nikaiosha, nikaikata duara, nikafunga nyuzi za kushonea magunia. Ilikuwa nyepesi na ilifunguka vizuri nilipoirusha na jiwe kutoka ukingoni mwa njia. Nikaikunja, nikaiacha usiku ndani ya kichwa cha roketi, na asubuhi ilikuwa imegandamana mikunjo yote, kwa sababu ya unyevu wa huku.

Niliikausha juani, ikagandamana tena. Niliikunja kwa mtindo mwingine. Ikagandamana kwa mtindo mwingine. Bibi, mama yake mjomba, alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigoda chake. Alikuwa ametoka kuoga na shingo yake ilikuwa nyeupe kwa poda. Nikamwangalia shingoni, kisha nikaiangalia plastiki. Nikamwomba kopo.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo anavyonitania, mjukuu wake wa kike, tangu nikiwa mdogo, "unataka kunukia kwa ajili ya nani?"

"Ni ya parachuti, bibi. Isinate."

Alinipa kopo polepole, kama mtu anayekabidhi mtoto. "Haya. Poda yangu inatangulia mbinguni, mimi mwenyewe bado."

Baada ya poda plastiki iliteleza. Niliikunja na kuifungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikitafuta mara itakayonigomea. Haikunigomea. Solotepu niliitupa, kichwa sasa kilikaa juu kwa uzito wake tu.

Siku ya kurusha, mjomba alichelewa shambani na tulianza alasiri. Nilipaswa kukataa. Kila alasiri hewa ya bondeni huwa imepata joto, hupanda na mlima, na ukungu huteremka kukutana nayo. Nilijua, nilikuwa nimeishi nayo kwa majuma. Lakini mjomba alikuwa amesimama pale na jembe begani, na nilikuwa na haraka ya kushinda. Nikapampu. Kiziba kikaachia, roketi ikaondoka safi kuliko zote nilizowahi kurusha, ikaingia kwenye ukungu ikapotea.

Tulisimama tumeinua shingo. Hakuna kilichorudi. Baada ya muda tukasikia ng'ambo ya kijito, chini kabisa kwenye migomba, mtu akipiga ukelele wa furaha.

"Mungu wangu," alisema mjomba. "Kimeangukia kwa mtani."

Kwa asiyejua: ukoo wetu na ukoo wa mzee yule wa ng'ambo ni watani. Mtani ana haki ya kukutukana msibani, kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, na kuchukua kitu chako akikipenda. Nawe huna haki ya kukasirika. Nikiwa chuoni nilikuwa nikiwaeleza wenzangu kuwa utani ni njia ya watu wa kale ya kuficha ugomvi, na nilikuwa nalisema hilo kwa kujiamini sana. Sasa nilikuwa nateremka mteremko kwa matako, nikishika migomba, kwenda kumkabili mtani aliyeshika roketi yangu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje kwake, redio ndogo ikiimba pembeni, roketi mapajani. Parachuti alikuwa ameivaa kichwani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hiki kimefia kwangu. Nyama yangu."

"Ni changu, babu. Nakihitaji."

"Ninyi ukoo wenu hata kuku mkimrusha harudi. Sasa mmerusha chupa. Nileteeni jogoo, tena awe na mkia."

Nilimweleza habari ya mjomba, ya kiwanja, ya sharti. Nilimweleza kwa utaratibu, kwa hoja. Alinisikiliza kwa makini yote, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akasema, "Basi jogoo wawili."

Nilirudi juu mikono mitupu. Bibi aliponiona alijua. "Ulimwomba?"

"Nilimwomba."

"Mtani haombwi, mke mwenzangu. Mtani ananyang'anywa. Hawakukufundisha nini hasa huko?"

Nikateremka tena. Mtani alikuwa bado kwenye benchi, bado na parachuti kichwani. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikachukua redio yake, nikaanza kuondoka nayo ikiimba. Nyuma yangu alicheka mpaka akakohoa. Aliniita mwizi, akaniita mtoto wa mwizi, akaita majirani waje waone mwizi aliyesoma. Kisha akanifuata mlimani kwa fimbo yake, na roketi kwapani.

Hivyo ndivyo tulivyofika wote kwenye kiwanja cha ukoo, mimi na redio, yeye na roketi, mjomba na mkaza mjomba wakitungoja. Tulibadilishana mateka. Nikaigeuza roketi mikononi. Chupa haikuwa na ufa. Mapezi yake matatu, niliyoyakata kwenye bango la plastiki la matangazo, yalikuwa mazima.

"Ilishukaje?" mjomba alimuuliza mtani.

"Ilishuka kama bibi harusi anayetoka ndani. Polepole, imefunikwa shela. Nikaipokea kwa mikono miwili."

"Unasema kweli?"

"Naapa kwa meno yangu." Alifungua mdomo. Hakuwa na meno.

Mkaza mjomba alicheka hapo, kwa mara ya kwanza tangu habari za jamvi. Mjomba naye akacheka, akaitazama chupa, akaitazama tena, akasema, "Basi. Kimerudi kizima na hakikugonga mtu. Kiwanja chukua."

Nilikuwa nimepata nilichokuwa nakitaka. Ningeweza kusema ahsante na kwenda kulala. Lakini nilikuwa natazama mdomo wa chupa, ambao ulikuwa msafi, na mahali pa kichwa cha roketi, ambacho hakikuwapo, na nilikuwa najiuliza. Huenda parachuti ilifunguka juu. Huenda haikufunguka kabisa, roketi ikaangukia kwenye majani ya migomba yakaipunguza kasi, na mtani akaitoa parachuti mwenyewe ili aivae. Shahidi pekee alikuwa mtu ambaye mila inamruhusu kunidanganya na inanikataza kumshika neno.

"Sikuiona ikishuka," nilisema.

"Mtani ameiona."

"Mtani ni mtani, mjomba. Akiniambia sasa ni mchana nitatoka nje kutazama."

"Kumbe umesoma kweli," alisema mtani, akiwa ameridhika sana.

"Nataka kurusha tena. Kesho asubuhi, kabla hewa haijaanza kupanda, ukungu haujashuka. Mkiwa mnaona wote. Sharti liwe lile lile."

Mjomba alinitazama kama mtu aliyempa mgeni kiti na mgeni akaanza kukagua miguu ya kiti. "Unakataa ulichokwisha kupewa?"

"Sikatai kiwanja. Nakataa jibu."

"Mtoto huyu," alisema mkaza mjomba, "mkimpa maji ya kunywa atauliza mto una umri gani." Lakini alikuwa ananitazama kwa namna nyingine, na alipoondoka aliondoka akiwa anafikiri.

Asubuhi anga ilikuwa wazi na moshi wa majiko ulikuwa unakwenda juu moja kwa moja. Nilikuwa nimetengeneza kichwa kipya na kukunja parachuti upya. Nilipofika kiwanjani nilimkuta mkaza mjomba amekwisha kutandika jamvi, na karafuu zimejaa juu yake, si kwenye ukingo bali mahali pake pa kila siku, katikati.

"Mkaza mjomba, naomba tuanue kwanza. Dakika chache tu."

"Sianui."

"Ikikosea itaangukia hapo."

"Jana ulisema hutaki jibu la mtani. Unataka jibu lako. Kama unaliamini, karafuu zangu hazina shida. Kama huliamini, kwa nini unarusha?" Akakaa kwenye kigoda chake, mbali kidogo safari hii, mikono imekunjwa.

Niligundua kwamba sikuwa nimeulizwa swali kama hilo na mwalimu yeyote. Nilichunguza kichwa kama kinalegea. Kinalegea. Nilipima maji. Robo. Nilihamisha kituo changu cha kurushia hadi ukingo wa chini wa kiwanja, nikaiinamisha roketi kidogo kuelekea bondeni, mbali na jamvi. Hilo halikuwa woga, lilikuwa hesabu, na nilimwambia hivyo. Mjomba alikuja na kikombe cha chai. Mtani alikuwa amekaa ng'ambo kwenye benchi lake. Hata kwa umbali ule nilimwona akipunga mkono.

Nikapampu. Kiziba kikaachia.

Roketi ilipanda ikimwaga maji yake, ikapita ncha za migomba, ikapita mnazi wa jirani, ikaendelea kupungua ukubwa. Pale juu ilisita. Kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha kichwa kikaachana na mwili, kikaanza kuanguka peke yake, na nyuma yake kitu cheupe kikachomoka, kikajikunjua, kikajaa hewa. Wingu dogo la poda lilibaki hewani mahali parachuti ilipofungukia. Bibi alipiga kigelegele mlangoni kwake.

Ilishuka taratibu kweli. Tulikuwa na muda wa kuitazama, na hata muda wa kutambua kuwa haiendi bondeni. Pumzi ndogo ya hewa iliyoamka mapema kuliko nilivyohesabu iliisukuma juu ya kiwanja, juu ya jamvi, juu ya kichwa cha mkaza mjomba aliyeinua uso bila kuondoka kwenye kigoda, hadi kwenye paa la jiko. Ikagusa bati, ikateleza kwa mkwaruzo, ikaangukia kwenye kuni.

Nilikimbia kuiokota. Chupa ilikuwa nzima. Pezi moja lilikuwa limechanika hadi kwenye mzizi.

Mjomba alinyoosha mkono, nikampa. Hakuliona pezi, au alijifanya hakuliona; aliigeuzageuza chupa, akaniuliza, "Haya. Ni kizima?"

Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana," nilisema. "Pezi limechanika. Na imegonga bati."

"Basi sharti unalijua."

"Nalijua."

Nilikuwa nimeanza kufikiria ni chupa zipi zitaingia kwenye begi, nilipomsikia mkaza mjomba akiinuka. Alikwenda kwenye jamvi lake. Kichwa cha roketi kilikuwa kimeangukia hapo, chepesi, juu ya karafuu, bila kutawanya chochote. Alikiokota, akakung'uta karafuu mbili zilizokuwa zimeingia ndani, akaja nacho hadi mbele ya mumewe.

"Hilo bati ni la jiko langu?"

"La kwako."

"Limetoboka?"

Mjomba aliinua shingo kutazama. "Halijatoboka."

"Na karafuu ni zangu, na kichwa kilichokuwa kipigwe ni changu. Mtu akianguka akavunjika ukucha, mnamchimbia kaburi?" Alinikabidhi kile kichwa cha plastiki. "Imeshuka. Nimeiona mimi, nami si mtani wa mtu. Mpe kiwanja."

Mjomba alikunywa chai yake hadi mwisho kabla ya kusema. Alisema nirushe asubuhi, si alasiri, na kwamba siku ya msiba chupa zisionekane. Mkaza mjomba akaongeza kuwa jamvi lake haliondoki. Nikakubali yote mawili. Kisha nikaketi ukingoni mwa kiwanja, nikatoa kipande cha bango na mkasi, na kabla jua halijapita mgongo wa mlima nilikuwa nimekata pezi jipya, pana kidogo kuliko la kwanza, kwa sababu sikuwa na uhakika kuwa upana wa mwanzo ulikuwa sahihi.